Aliyejibu Ni Mimi au Ni Binti wa Kioo?

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza Mpanda nzima kutafsiri Kijapani kwenye kipaza sauti, watu wamejaa mpaka wengine wamekalia madebe. Kijapani chenyewe sijui hata neno la kuombea maji.

"Huyo binti ameota ndevu kooni?"

Hayo ndiyo maneno yaliyoniingiza matatani. Mwaka tisini na nane, saa kumi jioni, nimesimama mlangoni pa kibanda cha video cha Maduhu, jirani na stesheni, beseni la mihogo ya kukaanga kichwani. Ndani, kwenye televisheni, katuni ya Kijapani. Binti mwenye macho makubwa kama visahani vya chai analia. Nyuma ya pazia la kitenge Arcade, fundi baiskeli, mtu wa Katumba, kambi ya wakimbizi, ndiye mkalimani wa picha, anamlilia kwa sauti yake mwenyewe, ameibana puani. Inatoka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia.

Watu wakaangua kicheko. Maduhu, pande la Msukuma aliyeuza ng'ombe akanunua jenereta, deki na televisheni, akatoka nje kanuna.

"Mama Agape, unanifukuzia wateja."

"Wateja wanafukuzwa na hilo beberu lenu. Mtoto wa kike analia, nyie mnamlilia kidume?"

"Kama unaweza, ingia wewe."

"Niingie wapi? Mimi mjane, hata mwaka sijamaliza."

"Nyuma ya pazia nani atakuona? Mihogo nakuuzia mimi."

Nikaingia. Mihogo aliila, sikuona akiuza. Lakini nimeshamsamehe, maana bila ulafi wake nisingekuwa na hadithi.

Nyuma ya pazia kulikuwa na benchi moja fupi, kipaza sauti kimoja, na Arcade. Televisheni tulikuwa tunaichungulia ubavuni. Akaniangalia kama mtu aliyefumaniwa.

"Ma-ma-mama Agape, ka-karibu."

Arcade alikuwa na kigugumizi. Ukimpelekea baiskeli yenye pancha, mpaka amalize kukuuliza ni tairi la mbele au la nyuma, ungekuwa umeshafika nyumbani kwa miguu. Lakini akishika kile kipaza sauti, jamani! Maneno yanateremka kama maji ya Mwese mlimani.

"Arcade, huyu binti anasema nini hapa?"

"Si-sijui."

"Si unasikia Kijapani?"

"Na-nasikia. Ku-kuelewa ndiyo bado."

Basi hapo nikajua nimekaa na tapeli mwenzangu. Kanda alipewa na Mzungu wa shirika moja, siku anafunga virago kuondoka kambini. Ganda lina maandishi kama nyayo za kuku kwenye majivu. Mvua za El Nino zilikuwa zimekula reli, treni haileti kanda mpya, na zile mbili za Maduhu zilikuwa zimetafunwa na deki. Imebaki hii. Kila siku hiyo hiyo, watu wale wale. Sasa ufanye nini watu warudi kesho? Unabadilisha maneno.

Ngoja niwaambie ile picha, maana wajukuu zangu wananionyesha sinema kwenye simu zao kila siku na bado sijaona ya kuifikia. Kuna binti mpole, anaishi peke yake kwenye chumba kilichojaa nyaya. Ana kompyuta. Wakati ule wengi wetu hatukuijua. Jirani yangu mmoja alidhani kompyuta ni nchi, iko mbele kidogo ya Zambia. Binti anamtengeneza binti mwingine ndani ya kile kioo, sura yake yeye mwenyewe, lakini huyu wa ndani anacheka, anaimba, haogopi mtu. Mji mzima unampenda. Mpaka siku moja binti wa chumbani anakwenda kwa rafiki yake, anagonga mlango, rafiki anamshangaa. Kwa jinsi nilivyoelewa mimi, anamwambia: wewe ulikuwa hapa sasa hivi, umerudia nini? Binti anarudi kwenye kioo. Anaweka kiganja. Na yule wa ndani anaweka kiganja. Hapo hujui tena yupi amemchora mwenzake.

Aliyechora kile kitu, popote alipo, Mungu amlindie mikono. Kuna upepo unapita kwenye nywele za binti, unywele mmoja mmoja. Kuna mahali mvua inanyesha ndani ya chumba, juu ya nyaya, na kila tone lina taa yake. Mimi mwanamke wa darasa la saba, nilikaa pale nikasema moyoni, kumbe mtu anaweza kukaa Japani, hanijui, akanichora.

Maana mchana nilikuwa mjane. Nguo nyeusi, macho chini, "shikamoo" kwa kila mtu, sicheki. Saa kumi napita mlango wa nyuma, nashika kipaza sauti, nacheka. Agape wangu, mtoto wa miaka mitano, namwacha kwa wifi Verdiana, dada wa marehemu, ambaye alikuwa anajua na anameza.

"Wifi, mihogo siku hizi inaisha haraka eeh?"

"Inapendwa, wifi."

"Na sauti imekukauka hivyo, unaiuza kwa kuimba?"

Siri yenyewe ilikuwa siri ya kuku kutaga. Sokoni wanawake wakaanza kunisalimia "Binti wa Kioo". Mmoja akanisimamisha na tenga lake la dagaa wa Kapalamsenga.

"Binti, jana ulimjibu vibaya yule kijana. Ana makosa gani?"

"Mama, ile ni katuni."

"Najua ni katuni. Nakuuliza, ana makosa gani?"

Huyo kijana kwenye picha yupo, amevaa koti refu, anasimama nje ya mlango wa binti anaongea. Kijapani chake ni kifupi kifupi, labda alikuwa anauliza bili ya umeme. Lakini Arcade alimpa maneno mengine.

"Binti, nimesimama hapa mlangoni miezi mitatu. Najua mnakaa wawili humo ndani. Mmoja ananiogopa, mmoja ananicheka. Mimi nawapenda wote wawili."

Na mimi, sikio langu hatua moja kutoka mdomoni kwake, nikajibu:

"Wewe unampenda anayecheka. Ukimwona anayelia utakimbia."

"Anayelia nilimwona kwanza. Alikuwa amebeba beseni."

Hamna beseni kwenye ile picha. Watu wakapiga makofi hivyo hivyo.

Taa zikiwaka, Arcade anakuwa Arcade. Jasho, macho kwenye viatu.

"Ma-mama Agape, u-u-usiku mwema."

"Ni saa kumi na mbili jioni, Arcade."

"Ndi-ndiyo."

Basi nikawa nakwenda nyumbani najiuliza, mimi nampenda yupi? Wa kwenye kipaza sauti au wa pancha? Na yeye, anamwita nani Binti? Nikilala naota niko ndani ya kioo, nagonga, naomba nitolewe. Nikiamka sijui niligonga kutokea upande gani.

Ndipo ikaja barua. Iliandikwa kwa kalamu nyekundu, ya shemeji yangu Ezekia, mdogo wa marehemu, mzee wa kanisa, naye mkewe alikuwa ametangulia mbele za haki miaka miwili nyuma.

"Shemeji Mama Agape, Bwana asifiwe. Mwaka wa marehemu kaka unatimia. Jumamosi hii saa nne asubuhi ukoo unakaa kwa baba mkubwa Anselmo. Utaulizwa na utajibu. Nimesikia unauza mihogo kwenye lile banda la shetani. Mimi sijawahi hata kutupa jicho mle, na sitatupa. Jiweke safi. Wako katika Kristo, E."

Ukoo wa marehemu mume wangu ulikuwa na desturi yake. Mjane akitimiza mwaka, wazee wanamkalisha, wanamwonyesha ndugu wa kumchukua. Kama alishatoa neno kwa mwanamume wa nje, mbele ya mashahidi, kabla ya siku hiyo, neno linasimama: anaondoka na watoto wake, kwa amani. Lakini akisubiri mpaka kikao ndipo amkatae ndugu, anatoka na khanga zake mbili. Watoto wanabaki. Walitunga wanaume, msiniulize.

Nikampelekea Arcade barua pale kwenye kibanda chake cha baiskeli. Akasoma.

"A-A-Agape?"

"Watamchukua. Ezekia simtaki, na Agape siwezi kumwacha."

Akafungua mdomo. Akapambana. Mishipa ya shingo ikasimama, herufi moja ikamkwama kama mfupa wa samaki. Nikasubiri, wallahi nilisubiri, wateja wawili wakaja na kuondoka. Mwisho akapiga ngumi tandiko la baiskeli akageuka ukutani.

Nikaondoka ninalia. Hiyo ni Jumanne.

Jumatano ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Tukafika pale penye kioo. Kwenye picha hapo hakuna anayesema. Binti ameweka kiganja, mdomo umefungwa, anatazama tu. Siku zote mahali pale tulikuwa tunanyamaza, tunawaachia watu walie vizuri. Siku ile Arcade akavuta kipaza sauti.

"Binti."

Nikashtuka. Nikamtikisia kichwa: hapa hatusemi! Hakuniangalia usoni. Alikuwa anaangalia mikono yangu.

"Binti, toka huko ndani. Njoo na mdogo wako unayemlea. Nina chumba kimoja na kazi ya mikono yangu. Nakuuliza mbele ya mji huu wote, utakubali niwe mumeo?"

Binti wa picha hana mdogo. Watu hawakujali. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Mjibu!" Wakadaka wote: "Mjibu! Mjibu!" Madebe yanagongwa. Arcade akanipa kipaza sauti, kikiwa na joto la mkono wake.

Nikasikia sauti inasema, "Nimekubali. Natoka."

Ilikuwa yangu? Ilitokea kooni kwangu, hilo naapa. Banda lilitaka kuruka. Na mara ile, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, ile sehemu ya mvua ya chumbani ikapita yote mpaka mwisho bila kukatika. Kila siku deki ilikuwa inaiharibu inakuwa michirizi mitupu. Maduhu alisema ni baraka. Kesho yake deki ikautafuna utepe palepale, ikawa basi tena.

Jumamosi, kwa baba mkubwa Anselmo, wazee barazani, mimi kwenye mkeka na Agape mapajani. Wifi Verdiana pembeni anapukuchua mahindi. Arcade amekuja na baiskeli, Maduhu amekuja na fimbo yake.

Anselmo alikuwa mzee wa maneno machache.

"Mama Agape, yupo mwanamume wa nje uliyempa neno?"

"Yupo, baba. Huyu."

Ezekia akacheka, Biblia kwapani.

"Baba mkubwa, huo ni mchezo wa video. Mimi Jumatano nilikuwa Mwese, kumwombea mgonjwa, nimelala huko huko. Nimerudi Alhamisi ndipo nikasikia mji mzima unacheka. Alisema kwenye katuni! Ni sanamu iliyoposwa, siyo mtu. Sanamu inaweza kuolewa?"

"Fundi," Anselmo akamgeukia Arcade, "ulimwuliza nani? Sanamu au huyu?"

Arcade akasimama. "Ni-ni-ni..."

Tukangoja. "Ni-ni-nili..."

"Mnamwona?" Ezekia akasema. "Bubu anamposa katuni."

Nikainuka. Nikaenda kwenye baiskeli, nikachomoa pampu, nikamwekea mkononi. Akaitazama. Akaisogeza mdomoni taratibu, kichwa cha pampu juu, kama tulivyozoea kushika kipaza sauti.

"Nilimwuliza Romana," akasema.

Hakuna aliyekuwa ameniita jina langu tangu nizikwe katika ile nguo nyeusi. Wote walikuwa wananiita mama wa mtu, mjane wa mtu, binti wa kitu.

"Nilimwuliza Romana, siyo sanamu. Ningemwuliza Jumanne kibandani kwangu, lakini mchana mdomo wangu unafungwa na mimi nabaki ndani nagonga. Hasira yenu iwe kwangu. Mtoto nitamlea kama wangu, na mkitaka niseme hili tena bila pampu, mnipe mpaka jioni."

Mzee mmoja akafuta jicho, akasingizia moshi. Moto haukuwepo.

"Sawa," Anselmo akasema. "Kuuliza tumesikia. Kazi iko kwenye jibu. Romana, nani alijibu? Wewe au yule binti?"

Ningesema "mimi" ingekwisha hapo? Labda. Lakini mzee yule alikuwa na macho ambayo huwezi kuyadanganya, nami sikutaka kuanza ndoa kwa uongo wa kwanza hivyo mapema.

"Baba, sijui vizuri. Mchana ninaonekana mimi, lakini simo. Saa kumi haonekani mtu, ndipo nipo. Yule binti alinitoa kwenye kaburi nikiwa nimevaa viatu. Sasa nikisema yeye, ni mimi. Nikisema mimi, ni yeye."

"Mmemsikia!" Ezekia akaruka. "Hata mwenyewe hajui! Basi neno ni la picha. Mtoto anabaki."

Agape akanishika shingo. Wazee wakaanza kutikisa vichwa, na nikaona vinatikisika upande wa Ezekia. Kila mtu mle barazani ambaye hakuwahi kuiona picha angetuona sisi ni waongo, maana tunajitetea wenyewe. Maduhu naye ni mfanyabiashara, nani atamwamini?

Nikamwangalia shemeji. Nikaona kitu. Nilipotaja kaburi na viatu, midomo yake ilitembea pamoja na yangu. Hayo yalikuwa maneno niliyompa binti tangu wiki ya kwanza.

Nikalegeza sauti, nikainamisha kichwa.

"Shemeji anasema kweli, baba. Pale penye jibu ni binti wa picha ndiye anayeongea. Anafungua mdomo mpana, anasema mara tatu, anajipigapiga kifua. Mimi nilikuwa nafuata mdomo wake tu."

"Ah, anajipiga kifua?" Ezekia akasema.

"Mara tatu, shemeji. Na anaruka ruka, anacheka meno yote nje."

"Anacheka?"

"Kama fisi."

"Pale penye kioo?" Sauti ilimpanda. "Pale? Mwanamke, usiharibu kitu kizuri! Pale binti hafungui mdomo hata kidogo! Amenyamaza, anatazama, chozi moja tu linashuka, la bluu! Ni mahali patakatifu pale!"

Verdiana akaacha kupukuchua.

Anselmo akaitikia kwa kichwa polepole. "Kumbe mdomo wa sanamu ulikuwa umefungwa."

"Umefungwa kabisa, baba!"

"Basi aliyesema ni huyu aliyekaa kwenye mkeka. Shahidi ni mzee wa kanisa. Neno limesimama, Romana. Chukua mtoto wako."

Arcade akadondosha pampu. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Agape mpaka akalalamika. Lakini Anselmo hakuwa amemaliza, uzee una raha zake.

"Ezekia, wewe hayo umeyajulia wapi?"

"Nimesimuliwa, baba. Na mwanakwaya mmoja."

"Amekusimulia vizuri. Na baada ya kioo alisema inakuwaje?"

"Baada ya kioo..." Na hapo shemeji yangu akatusahau wote. Biblia aliiweka chini. "Baada ya kioo mvua inanyesha ndani ya chumba, baba mkubwa. Ndani! Inapiga kwenye nyaya, na kila tone lina taa ndani yake, matone maelfu, na yule wa kioo anageuka hivi, polepole, halafu anainua mkono..."

Alikuwa amesimama katikati ya baraza, kiganja amekiegesha hewani, macho yamemjaa machozi. Alikuwa mzuri siku ile, siwezi kumnyima.

Maduhu akakohoa. "Mzee wa kanisa, samahani. Hiyo mvua deki yangu iliionyesha nzima siku moja tu."

"Siku gani?" Anselmo akauliza.

"Jumatano."

Verdiana akapuliza makapi kwenye ungo, hakuinua hata uso.

"Kaka, na yule mgonjwa wa Mwese ameamkaje?"

Ezekia akatutazama mmoja mmoja, kiganja bado kiko juu.

"Anaendelea vizuri," akasema.